Bodi Hupimwa kwa Boksi Lake

Mpenzi wa elektroniki akitengeneza kifaa cha mtandao kinachoingia mfukoni mwa shati, watu humpongeza kwanza kwa udogo wake. Naona sifa hiyo imepotea njia. Ustadi wa kupanga bodi ya saketi ni kujua kipimo kinachofaa, na kipimo hicho hakitoki kwenye chipu. Hutoka mahali kifaa kitakapokaa, na kwa mtu atakayekifungua siku kitakapokufa. Jambo hili huonekana wazi zaidi ukilipeleka Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kuliko ukiliacha juu ya meza ya maabara.

Tuchukue kifaa ambacho fundi wa huko angeweza kukitaka: kisanduku cha kupima joto na unyevu katika ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, kinachotuma vipimo kwa redio ya LoRa. Sababu ipo. Tangu stakabadhi ghalani ianze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mzigo wa mkulima hukaa ghalani ukisubiri mnada, wa Newala chini ya chama kikuu cha ushirika cha TANECU na wa Masasi chini ya kile cha MAMCU, na korosho iliyoshika unyevu hupoteza ubora. Moduli ya redio ya RFM95 ina milimita 16 kwa 16, nayo humdanganya anayeanza akadhani bodi nzima itakuwa ya upana wa vidole viwili. Lakini betri ya 18650 ina urefu wa milimita 65, na kishikio chake hukaribia 77. Skrubu nne za M3 hula pembe zote. Antena ya robo wimbi kwa megahezi 868 hutaka karibu milimita 86. Kumbe urefu wa bodi umeshaamuliwa kabla chipu haijaguswa! Mpangaji mzuri huanza na vikubwa hivyo, huchora ukingo, huweka matundu, ndipo aitafutie chipu nafasi. Kwa kuwa tuko Umakondeni, kishawishi ni kumfananisha na mchonga mpingo. Mfano huo unachechemea: mchongaji hukabidhiwa gogo likiwa na ukubwa wake, ilhali mpangaji wa bodi lazima kwanza aamue gogo liwe kubwa kiasi gani, na hapo ndipo wengi hukosea.

Baada ya kipimo huja ujirani, na hapa ndipo kazi inanoga. Mji wa Masasi umezungukwa na vilima vya mawe. Newala iko ukingoni mwa uwanda, ambako ardhi inaporomoka ghafla pale Shimo la Mungu. Redio ndogo haipenyi kilima cha mawe, kwa hiyo nguvu yake ndogo haifai kupotea ndani ya boksi. Antena hukaa ukingoni, mbali na chuma cha betri, na njia ya shaba inayoifikia huwa fupi. Kwenye bodi ya tabaka mbili yenye unene wa milimita 1.6 na ethi upande wa chini, njia ya omu 50 huwa na upana wa karibu milimita 3. Kisha kuna kipima joto. Chipu ya aina ya "linear" ya kushusha volti 5 hadi 3.3 kwa mkondo wa ampea 0.3 hutoa joto la takriban nusu wati. Kipima joto kikiwa jirani yake, kitapima joto la bodi na kuliita joto la ghala. Hakuna waya uliokatika, hakuna alama ya kosa, ila karani atasoma uongo msimu mzima. Dawa ni kukipeleka upande wa mbali na kukata mwanya kwenye bodi kati yake na chipu hiyo.

Wapo watakaosema kompyuta huweza kuchora njia hizo yenyewe. Huweza, na huziunganisha zote sawasawa, lakini haijui kwamba njia hii inapita jirani na kipima joto wala kwamba ghala lina paa la bati, mpaka uiambie. Wengine watauliza kwa nini usinunue moduli tupu ukaziunga kwa nyaya. Kwa majaribio, ndiyo, fanya hivyo. Lakini nyaya za kuchomeka hulegea zikitikiswa, na ghala la korosho lina vumbi na wapagazi. Hoja ya gharama ndiyo nzito zaidi, nayo inanisaidia mimi: viwanda vingi vya China vinavyohudumia wapenzi wa kazi hii hutoza bei ya chini kwa bodi isiyozidi milimita 100 kwa 100, hivyo kuminya bodi kutoka 90 hadi 60 hakuokoi chochote cha maana. Nafasi hiyo itumie vizuri zaidi. Weka rezista na kapasita za ukubwa wa 1206, milimita 3.2 kwa 1.6, ambazo fundi simu wa Newala atazibadilisha kwa chuma cha kawaida cha kulehemia, badala ya zile za milimita moja zinazopeperuka ukipiga chafya. Na uandike juu ya bodi BETRI, ANTENA, SOLA, kwa lugha ya atakayeifungua.

Bodi iliyoagizwa kutoka ng'ambo haisahihishwi ikiwa njiani. Kwa hiyo, kabla ya kutuma oda, chapisha mchoro wako kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, panga vifaa juu yake, uingize kwenye boksi, kisha ufunge kifuniko. Kisipofunga, rudi ukachore upya.