Paa wa Sultani Darai na Paka wa Wafaransa

Watoto wetu wa DeSoto, Dallas na Houston wanamjua paka mwenye viatu kwa sababu ya filamu. Wachache wanajua kwamba Unguja tulikuwa na paa. Kisa cha Sultani Darai, alichokichapisha Edward Steere mjini London mwaka 1870, ni ngano ya ukoo uleule: Hamdani, maskini mpekua jaa, anaokota thumni, ananunua paa, na paa kwa ulimi wake mtamu anamwoza bwana wake binti wa sultani, kisha anaua nyoka na kumpatia jumba.

Zinaachana mwishoni. Charles Perrault, aliyewaandikia watu wa enzi ya Louis wa 14, mwaka 1697 alimfanya paka kuwa bwana mkubwa anayewinda panya kwa kujifurahisha tu. Kijana kavaa vizuri, basi yamekwisha.

Kwetu paa anaugua. Bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu, ule wa farasi; kwani si alimnunua kwa thumni? Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Usiku mmoja Hamdani analala jumbani, anaamkia jaani.

Unguja ya 1870 ilikuwa na watumwa, na hadhi yao kisheria haikufutwa hadi 1897. Mtumwa akisikia ile thumni, alisikia bei yake mwenyewe. Lakini muungwana naye aliweza kuifurahia ngano hiyohiyo: maskini akipata, matako hulia mbwata! Tena tazameni wanaomlilia paa: binti wa sultani, na sultani mwenyewe, anayeshuka kisimani kumtoa. Wenye nasaba wote wema. Hapo, kusema kweli, msimulizi anatuudhi.

Katika miaka ya 1630 ilichapishwa ngano ya Giambattista Basile wa Naples. Paka wake anajifanya amekufa, bwana anaagiza atupwe dirishani. Paka anainuka, anamsuta, anakwenda zake.

Wengi wetu hapa tunamjua paa kwa karibu: nyumba zimejengwa nyumbani kwa zamu zetu za usiku, na tukiugua simu hailii. Labda ndiyo maana baadhi yetu huikatisha ngano harusini, watoto wasihuzunike. Tungependa waisikie yote. Wanaofikishwa mwisho huuliza kwa nini paa hakuondoka kama yule paka wa Naples, na hapo ndipo inapobidi kuwaeleza ile thumni ilinunua nini.