Uhakiki wa Mchezo wa Video: The Wind Waker Ukitazamwa kutoka Bandari ya Bujumbura

Utangulizi

Ni kawaida yetu katika kurasa hizi kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Mara hii tunaomba ruhusa ya kuhakiki kazi ya aina nyingine, yaani mchezo wa video. Sababu ni moja. Vijana tunaowafundisha husimuliwa hadithi nyingi zaidi na mashine kuliko na vitabu, na mwalimu asiyejua wanachosimuliwa hawezi kubishana nao wala kuwasaidia. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Mchezo tuliouchagua ni The Legend of Zelda: The Wind Waker. Ulitolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwezi Desemba 2002, kisha Marekani na Ulaya mwaka 2003. Mwongozaji wake ni Eiji Aonuma. Toleo jipya lilitoka mwaka 2013, na mwaka 2025 mchezo ule wa awali ulirudishwa tena kwa ajili ya mashine mpya ya kampuni hiyo. Tumeuchagua kwa sababu ni hadithi ya chombo, upepo na maji mengi, na idara iliyo katika mji wenye bandari haikosi la kusema juu ya mambo hayo.

Muhtasari wa hadithi

Mvulana anaishi na bibi yake na dada yake katika kisiwa kidogo. Siku ya kuzaliwa kwake, ndege mkubwa anamnyakua dada huyo. Mvulana anaondoka na maharamia wanaoongozwa na msichana aitwaye Tetra, na baadaye anapata mashua inayosema kama binadamu, iitwayo King of Red Lions, yaani Mfalme wa Simba Wekundu. Kwa mashua hiyo anazunguka bahari iliyogawanywa katika miraba 49. Hatimaye anagundua kwamba chini ya bahari hiyo imelala nchi nzima, Hyrule, iliyofunikwa na maji zamani ili adui aitwaye Ganondorf asiitwae.

Uzuri wa mchezo

Kwanza, matumizi ya upepo. Mchezaji hupewa kijiti kama kile cha kiongozi wa kwaya, na kwa kukichezesha hugeuza upepo upande anaotaka kati ya pande nane. Upepo ukiwa nyuma, tanga hujaa na mashua hukimbia. Ukiwa mbele, mashua hujikokota. Hivyo, kabla ya kuondoka, mchezaji hana budi kujiuliza upepo unatoka wapi. Swali hilo ndilo analojiuliza nahodha wa jahazi anayesubiri kusi au kaskazi huko pwani. Ni nadra mchezo wa kuburudisha kumfundisha mtoto wa mjini adabu ya chombo kwa kumtendesha, bila kumhubiria.

Aidha, upepo haukuwekwa pale kama pambo. Karibu na mwisho, Ganondorf anaeleza kwamba katika nchi alikozaliwa upepo ulileta joto na mauti, nao uliovuma Hyrule ulileta kitu kingine, akautamani. Kwa maneno hayo machache adui anapata sababu, na msomaji wa fasihi atatambua hapa mhusika wa duara, si zimwi la kutishia watoto.

Pili, lugha. Hapa walimu wa lugha watafurahi. Baadhi ya viumbe wazee wa mchezo huu, kama joka Valoo na samaki mkubwa Jabun, husema lugha ya kale ya Hyrule, na maneno yao huandikwa kwa hati ambayo mchezaji haijui. Joka linahitaji mkalimani. Mchezaji husimama tu akitazama wakubwa wakizungumza mambo yanayomhusu bila kuelewa neno. Anapomaliza mchezo na kuuanza upya, maneno yaleyale sasa hutolewa kwa lugha anayoielewa. Kwa hakika hatujaona njia bora zaidi ya kumwonyesha mwanafunzi maana ya kujifunza lugha. Mazungumzo hayakubadilika hata kidogo, aliyebadilika ni yeye msikilizaji.

Tatu, mandhari ya mji uliozama. Mvulana anaposhuka chini ya bahari kwa mara ya kwanza, anaikuta ngome ya Hyrule haina rangi, na kila kitu kimesimama kama sanamu. Msomaji wa Shaaban Robert atakumbuka mara moja Adili na Nduguze (1952), pale Adili anaposhuka chomboni na kuingia katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Kazi mbili zilizotungwa mbalimbali, moja Tanganyika na nyingine Japani, zimetumia safari ya majini kumfikisha shujaa mahali ambapo wakati umekoma. Somo la fasihi linganishi linaweza kuanzia hapo.

Upungufu wake

Pamoja na sifa hizo, mchezo una kasoro ambazo hatuwezi kuzifumbia macho.

Kasoro ya kwanza ni utupu wa bahari. Anayesimama katika Bandari ya Bujumbura huona kwamba maji ni njia ya watu. Meli huleta saruji na mahindi kutoka Mpulungu, Zambia. Mizigo ya Kigoma huletwa hadi ziwani kwa reli iliyofika huko mwaka 1914. Wapagazi, makarani wa forodha, wavuvi wa ndagala na mukeke, wote wana shughuli yao. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na hakuna pembe yake isiyo na habari ya nani kapita. Katika The Wind Waker, kuna mchuuzi anayezunguka na duka lake juu ya mashua, na wafanyabiashara watatu wa kubadilishana vitu. Zaidi ya hao, mara nyingi mchezaji hukutana na maadui na mawimbi. Hakuna abiria wala shehena, na hakuna bandari yenye makelele. Ni bahari iliyobuniwa na mtu anayeipenda kwa macho lakini haitegemei kwa chakula.

Kasoro ya pili ni ya muundo. Hadithi inapokaribia kilele, mchezaji huamriwa kutafuta vipande vinane vilivyo chini ya bahari. Kila kipande kina ramani yake, na kila ramani husomwa na mtu mmoja tu kwa malipo ya rupia 398. Jumla ni rupia 3,184, na mtu hulazimika kwenda huku na huko kuzitafuta. Msisimko unapoa kabisa. Toleo la 2013 lilipunguza kazi hiyo: ramani za kulipia zikawa tatu, na vipande vitano vikapatikana moja kwa moja. Vilevile liliongeza tanga jipya ambalo huenda kasi na kufanya upepo uwe nyuma daima. Uchovu ulipungua, lakini kwa kulitumia tanga hilo mchezaji haulizi tena upepo unatoka wapi. Dawa ya kasoro imekula ubora.

Kasoro ya tatu ni ya wahusika. Tetra anaanza kama nahodha hodari anayeogopwa na mabaharia wake wote. Inapofichuliwa kwamba yeye ni binti mfalme Zelda, anavishwa gauni na kuambiwa abaki ndani ya ngome asubiri. Katika pambano la mwisho anapewa upinde naye anausaidia ushindi, lakini sehemu kubwa ya safari imempita. Mtunzi amemvua mamlaka kwa sababu tu amemvika cheo.

Falsafa ya mchezo

Suala kubwa zaidi ni mwisho wa hadithi. Mfalme wa Hyrule, aliyekuwa amejificha ndani ya ile mashua, anaomba nchi yake ya zamani ioshwe na maji moja kwa moja, na watoto wapewe matumaini. Wao watafute nchi nyingine itakayokuwa yao. Ni ujumbe mzito, na wahakiki wengi wameusifu.

Sisi tunausifu kwa tahadhari. Mwaka 2015, maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya ziwa, na meli ya Liemba, iliyozinduliwa mwaka 1915, ikawapeleka Kigoma. Kabla yao walikuwapo waliokimbia mwaka 1972, ambao wengi wao walianza kurudi katika miaka ya 2000 wakiulizia mashamba ya wazee wao. Na mara kadhaa tangu mwaka 2020, maji ya Rusizi na ya ziwa yameingia nyumba za Gatumba na kando ya mji wetu. Kwa watu hao, nchi iliyofunikwa na maji au kuachwa ng'ambo si ndoto ya mfalme. Ina mipaka, ina miti iliyopandwa, ina makaburi. Ni rahisi kusema yaliyopita yazame ikiwa msemaji ndiye aliyekuwa na kiti cha enzi. Mchezo haumpi raia yeyote wa Hyrule nafasi ya kujibu, na huo ndio upungufu wake mkubwa kuliko yote. Hata hivyo, umeuliza swali ambalo vitabu vyetu vya darasani huliepuka: je, mtoto arithishwe madai ya wazee wake, au aachwe aanze upya?

Nafasi ya Kiswahili

Toleo la Ulaya lilitoka kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitaliano. Kiswahili hakimo. Hata hivyo, mwalimu anaweza kumwomba mwanafunzi asimulie safari hiyo kwa Kiswahili mbele ya wenzake. Atahitaji tanga, mlingoti, usukani, nanga, omo, shetri na kubisha upepo, na atakuwa na sababu ya kuyatafuta maneno hayo. Baada ya hapo, darasa lijadili kauli ya mfalme, na kila mmoja atetee upande wake.

Hitimisho

Kwa jumla, The Wind Waker ni kazi yenye fani nzuri kuliko maudhui yake, ingawa maudhui yenyewe si haba. Inajua upepo, inajua thamani ya lugha, lakini haiwajui watu wanaoishi kwa maji. Kila chombo kwa wimbile. Wimbi la hadithi yetu bado linasubiri mtunzi, na huenda mtunzi huyo ameketi katika mojawapo ya madarasa yetu.