Fani na Maudhui ya Mfarishi wa Nguo Kuukuu

Kila mwanafunzi wa fasihi katika shule zetu hufundishwa kuitazama kazi ya sanaa kwa pande mbili: fani na maudhui. Huulizwa msanii amesema nini, kisha amelisema kwa njia gani. Vipimo hivi tumezoea kuvitumia kwa riwaya, tamthiliya na mashairi. Ni mara chache tunavipeleka kwenye kitu kilichotandikwa kitandani. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo kwa kuuhakiki mfarishi, yaani lile tandiko zito la kujifunikia, ulioshonwa kwa nguo zilizochakaa. Mfano wetu unatoka katika kijiji cha watu weusi cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani. Mifarishi ya huko imezusha swali linalotuhusu na sisi: je, kitu kilichozaliwa na dhiki kinastahili kuitwa sanaa, na kwa sababu gani?

Kijiji hicho kimezungukwa pande tatu na Mto Alabama. Mwaka 1816 Joseph Gee alianzisha hapo shamba la pamba lililolimwa na watumwa. Mwaka 1845 shamba liliingia mikononi mwa Mark Pettway, na hadi leo wakazi wengi wanaitwa Pettway, jina la bwana aliyewamiliki wahenga wao. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi walibaki pale pale, wakilima ardhi isiyo yao na kumgawia mwenye shamba sehemu ya mavuno. Mwaka 1932 walinyang'anywa mifugo, zana na chakula kwa ajili ya madeni ya mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha. Katika nyumba za mbao zilizopenya upepo, mfarishi haukuwa pambo. Ulikuwa kinga ya watoto dhidi ya baridi.

Utengenezaji wake ni wa tabaka tatu. Tabaka la juu ni vipande vya nguo vilivyounganishwa. La kati ni pamba ya kujaza. La chini ni kitambaa cha kushikilia, ambacho mara nyingi kilikuwa magunia ya unga au ya mbolea yaliyofumuliwa na kufuliwa. Kisha tabaka zote hushikizwa pamoja kwa mishono ya mkono. Nguo zilizotumika zilikuwa suruali, mashati na magauni ya kazi ambayo hayakufaa tena kuvaliwa.

Kazi moja yatosha kutuonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1942 Missouri Pettway, ambaye alikuwa amefiwa na mumewe, alizichukua nguo za kazi za marehemu, akazichana, na kwa msaada wa binti yake Arlonzia akazishona kuwa mfarishi. Baadaye binti huyo alieleza kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika kwa upendo wake. Tazama basi fani ya kazi hiyo. Ni mistari na mapande ya nguo yenye rangi zilizofifia, yasiyolingana upana, yaliyopangwa bila ua wala picha yoyote. Mtu mwenye haraka angesema hapana ufundi hapo. Lakini mguu wa suruali ukifumuliwa hutoa kipande kirefu, kipana juu na chembamba chini. Mshonaji anayekubali umbo hilo, badala ya kulikata ili lilingane na mengine, huacha mwili wa mvaaji uendelee kuonekana. Katika mifarishi ya namna hii, pale mfuko ulipobanduliwa hubaki alama ya rangi iliyokoza, kwa kuwa jua halikufika hapo. Na pale magoti yalipopiga udongo kwa miaka, kitambaa kimepauka. Fani hapa imetokana na kazi ya shamba, na maudhui yake ni kazi hiyo hiyo. Ukiuondoa uchakavu, huna tena cha kusoma.

Kuna maoni mawili yanayopotosha uhakiki wa kazi kama hizi. La kwanza husema kwamba mifarishi hii ni tunda la umaskini tu: mtu hana blanketi, anashona matambara. La pili, ambalo lilisikika sana baada ya mifarishi hiyo kuonyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston mwaka 2002 na kisha New York, huisifu kwa sababu inafanana na michoro ya wasanii mashuhuri wa karne ya 20. Maoni haya yanaonekana kupingana, lakini yana kosa moja. Yote mawili yanamnyima mshonaji akili yake. La kwanza linaikabidhi kazi yake kwa dhiki. La pili linaikabidhi kwa bahati nzuri ya kufanana na wengine.

Historia ya kijiji chenyewe inayakanusha. Mwaka 1966, wakati wa harakati za kudai haki za raia, wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa kushona ulioitwa Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba wa kuishonea kampuni ya Sears foronya za kodrai. Kazi hiyo ilitaka kila foronya ifanane na nyingine. Mabaki ya kodrai, ambayo yalikuwa kitambaa kipya, yalichukuliwa majumbani, na huko wanawake wakayashona kwa mitindo yao wenyewe: miraba ndani ya miraba, mistari inayopinda, rangi moja inayorudiwa kisha ikavunjwa ghafla. Kama umbo lile lingekuwa amri ya matambara tu, kitambaa kipya kingelifuta. Halikufutika. Ni sawa na mshairi wetu anayebanwa na vina na mizani: kibano hakimtungii shairi, bali humlazimisha kuchagua neno, na katika kuchagua ndipo tunapomtambua.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuwa mkweli. Si kila mfarishi wa viraka ni kazi bora. Mwingine hushonwa usiku mmoja ili mtoto asilale na baridi, na hiyo ni heshima yake ya kutosha. Tukisifu kila kiraka, hatutakuwa tumewaheshimu mafundi. Tutakuwa tumewanyima kipimo.

Kadhalika, ni lazima tuulize nani ananufaika. Mwaka 2006 idara ya posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha za mifarishi hiyo. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua mashauri mahakamani kuhusu malipo na haki za kazi zao. Mfarishi ukitundikwa ukutani unapata watazamaji, lakini unapoteza mtu wa kulala chini yake. Jamii inaweza kuukubali mgawanyo huo iwapo tu mikono iliyoshona haisahauliki.

Sisi nasi tunalo la kujifunza. Lugha yetu ina neno mfarishi, na ina neno kiraka, ambalo mara nyingi tunalitamka kwa aibu. Kanga iliyopauka hugeuzwa mbeleko, kisha winda, kisha kitambaa cha jikoni, na hakuna anayeiandikia safari hiyo hata aya moja. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Nao walijua kwamba mbachao ni mkeka uliochakaa kwa kutumika.

Kwa hiyo mwalimu na amwambie mwanafunzi alete darasani kitu kimoja cha nyumbani kilichoshonwa upya kutokana na nguo kuukuu. Na amwulize: kipande hiki kilikuwa nguo ya nani, kilichakaa kwa kazi gani, na aliyekishona alikuwa na njia gani nyingine ambayo hakuifuata? Mwanafunzi atakayeyajibu maswali hayo kwa kukitazama kitu chenyewe, na kwa kumwuliza bibi yake pale jicho linaposhindwa, atakuwa ameanza uhakiki.