Tangazo la kutengeneza bure, likisomwa kutoka Kasomeno

Mdogo wangu anamalizia TFC yake. Ordinatere yake aliinunua mjini, iliyokwisha kutumika Ulaya, na siku moja aliniletea hapa Kasomeno na magonjwa mawili. La kwanza: kila akiiwasha, saa inarudi 2009, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka. Hilo dogo. Kuna betri ya mviringo kama kifungo cha koti, CR2032, ndiyo inayolinda saa mashini ikizimwa. Ikiisha, mashini inaamini tuko mwaka mwingine, na vyeti vya usalama vya kurasa vinaonekana kama havijaanza kufanya kazi. Unabadilisha betri, mambo yanaisha. La pili ndilo lilinitoa jasho: dakika ishirini hivi, kioo kinajaa mistari, kisha giza. Na TFC yote imo ndani, haina kopi. (Usiniulize kwa nini haina kopi. Mimi pia nilimuuliza.)

Nikatafuta. Kumbe kasoro hiyo inajulikana, na mtengenezaji mwenyewe aliwahi kuitolea tangazo: leta mashini, tutakubadilishia ubao mkuu bila malipo. Nikafurahi, mpaka nilipofika kwenye sharti. Muda unahesabiwa tangu tarehe ya ununuzi wa kwanza. Wa kwanza! Mdogo wangu hajui hata mnunuzi wa kwanza aliishi nchi gani. Muda wenyewe ulikwisha yeye akiwa bado shule ya msingi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma matangazo ya namna hii kama mtu anavyosoma riwaya, nikiangalia limeandikwa kwa ajili ya nani na limemwacha nani nje. Chukua lile la chipu za picha za Nvidia. Julai 2008 kampuni hiyo ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zilizokuwa zikifa ndani ya kompyuta za mkononi. Joto lilikuwa linapanda na kushuka, na viungio vidogo vya chini ya chipu vinapasuka. HP iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya mashini zake. Apple ilifika hadi miaka minne kwa MacBook Pro za 2007 na 2008. Kwa mtu wa Paris, hayo ni malipo ya haki kabisa. Lakini ugonjwa wa joto haufuati kalenda. Unangoja vumbi jekundu la kiangazi chetu lizibe feni, na hapo mashini iko kwa mmiliki wa tatu au wa nne.

Habari ya Dell ndiyo inayonichekesha na kuniudhi pamoja. Kati ya Mei 2003 na Julai 2005 ilisafirisha kompyuta milioni 11.8 zenye hatari ya kuharibika kwa sababu ya kapasita mbovu, vile vikopo vidogo vinavyosimama kwenye ubao mkuu: vinavimba kichwani, vinavuja, mashini inazima. Karatasi za kesi zilizofunguliwa Marekani zilionyesha kwamba nyakati nyingine ubao mbovu ulibadilishwa kwa mwingine uleule mbovu. Na idara ya hesabu ya Chuo Kikuu cha Texas ilipolalamika, jibu lilikuwa kwamba wamezichosha mashini kwa hesabu ngumu! Wenzangu mliosoma hesabu, sikieni basi: kumbe kosa ni lenu.

Haki ya mtu nayo tumpe. Betri za Sony zilipoanza kushika moto, Agosti 2006, Dell ilirudisha milioni 4.1 na Apple milioni 1.8, na hapo swali halikuwa tarehe ya ununuzi. Ulisoma namba iliyoandikwa chini ya betri. Ikiwa kwenye orodha, unapewa nyingine. Hiyo ndiyo dawa iliyoandikwa vizuri, kwa sababu inafuata kitu chenyewe, haifuati risiti. (Kobalti ya betri kama hizo, sehemu kubwa inatoka huku kwetu Katanga. Inakwenda mpya, inaturudia imevimba.)

Ila kwangu mimi dawa bora ya mtengenezaji ni kitabu cha fundi kuliko dhamana. HP, Dell na Lenovo wanaviweka wazi kwenye intaneti: skrubu gani itoke kwanza, taa ikipepesa mara ngapi maana yake nini. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kukisoma hata akiwa kijijini. Toshiba, mwaka 2012, ilimlazimisha mtu mmoja wa Australia aondoe vitabu vyake alivyokuwa amevikusanya kwa ajili ya watu wote. Kati ya tabia hizi mbili, mimi ninahukumu kampuni kwa hii kuliko kwa uzuri wa tangazo lake.

Na mafundi wetu nao tusiwafiche. Nilimpelekea mmoja mjini, akaniambia, "Yaya, haiyakufa iyi. Joto njo inaisumbua." Kweli tupu. Lakini dawa yake ilikuwa kuipuliza chipu hewa ya moto mpaka viungio vishikane tena, alipe mtu dola, aondoke. Chipu iliyopulizwa hivyo inaweza kuamka kwa majuma machache, halafu inalala tena, na mteja anarudi kulipa mara ya pili. Nilimuuliza kama anawaambia wateja. Akacheka, akasema wakijua hawataleta.

Nikakataa moto. Nyumbani nikafungua kitabu cha fundi kwenye simu, nikahesabu skrubu kumi na moja, nikatoa diski ngumu, nikaitia ndani ya kisanduku cha USB cha jirani. TFC ilikuwamo, kurasa zote pamoja na michoro. Mdogo wangu akanakili mara mbili, moja kwenye simu, nyingine kwenye ufunguo wa USB ambao sasa anauvaa shingoni kama rozari.

Mashini yenyewe iko mezani kwangu. Feni nimeipangusa, pasta mpya ya kupitisha joto nimepaka, jana ilifika dakika hamsini kabla ya mistari kurudi.