Mkasi, Gundi na Utani

Kolaji ya picha za kale za watu ni kazi ya mkasi, gundi na brashi: sura hukatwa kutoka kwenye picha iliyopigwa studio, kisha hubandikwa ndani ya mchoro wa rangi za maji. Mara nyingi chanzo cha kolaji hutajwa kuwa mwaka 1912, wachoraji Picasso na Braque walipoanza kubandika makaratasi kwenye michoro yao nchini Ufaransa. Lakini takriban nusu karne kabla yao, wanawake wa tabaka la juu Uingereza walikuwa wakiifanya sebuleni mwao.

Malighafi yao ilianzia Paris. Mwaka 1854 mpigapicha Disdéri alipata hataza ya kupiga picha kadhaa kwenye kioo kimoja cha negativu. Kila picha ikawa na ukubwa wa ile kadi ya jina ambayo wageni waliiacha mlangoni, kama sentimita 6 kwa 9, na bei ikashuka. Mpigapicha Mayall alipouza picha za aina hiyo za Malkia Victoria na familia yake mwaka 1860, watu walishikwa na wazimu wa kuzikusanya. Karatasi yenyewe, iliyopakwa ute wa yai na chumvi za fedha, ilikuwa nyembamba mno, hivyo studio iliibandika juu ya kadi ngumu. Wembamba huo ulimfaa fundi wa kolaji, kwani sura iliyobanduliwa hulala juu ya ukurasa karibu bila kuonyesha ukingo.

Kukata si kazi kubwa. Kazi iko kwenye kupatanisha: mwanga wa studio umekwisha kuangukia shavu moja, na mchoraji hana budi kukifuata kivuli hicho kwenye nguo, kiti na zulia. Ukubwa wa sura nao haubadiliki, kwa hiyo mchoro ndio unaoitii picha. Isipokuwa fundi akiamua kuvunja uwiano makusudi, na hapo ndipo penye raha. Katika kolaji ya Lady Filmer, mmoja wa mabibi hao, ya miaka ya 1860, yeye mwenyewe amesimama sebuleni kando ya meza yenye albamu na gundi. Mwanamfalme wa Wales yuko karibu naye, mkubwa na wa kupendeza. Mume wake ni mdogo, ameketi jirani na mbwa. Kate Gough aliwapa bata vichwa vya wanawake. Albamu ya Westmorland ina ukurasa wenye vichwa vya watu ndani ya chupa ya achari!

Huu ni utani, na utani hunoga kwa wanaojuana. Labda ndiyo sababu albamu hizi hazikujulikana sana, hadi Art Institute of Chicago ilipoziandalia maonyesho makubwa mwaka 2009. Kwa ukali wa jicho, Filmer hapitwi na msanii wa kolaji Hannah Höch wa Berlin, ingawa Höch alikuwa na hasira ya kisiasa ambayo mabibi hawa hawakuwa nayo.

Enzi za mabibi hao picha iliyokatwa iliweza kuchapishwa upya kutoka kioo kilekile. Leo vioo vingi vimepotea, na picha za ute wa yai hufifia na kugeuka manjano zikikaa kwenye mwanga. Anayetaka kujaribu ufundi huu aiskani picha, achapishe nakala, na mkasi ule nakala hiyo. Picha halisi irudi kwenye bahasha yake.