Nishani Husomwa Ukingoni

Kwenye ukumbi wa hoteli moja ya pwani kuna kabati la kioo ambalo kila mgeni hulipiga picha. Ndani yake amesimamishwa mdoli wa dukani aliyevikwa koti la kaki, tarbushi nyekundu yenye shada jeusi, na kifuani nishani tatu zinazowaka kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Maelezo yake yanasema ni askari wa King's African Rifles (KAR) wa mwaka 1914 hadi 1918. Wageni wanasifu, na hilo si kosa lao. Kinachoudhi ni kwamba wanaojiita wakusanyaji nao wanasifu, tena kwa sauti.

Mwenye jicho hahitaji dakika mbili. Taji lililoshonwa kwenye mkono wa koti ni la enzi ya Malkia Elizabeth, aliyerithi kiti mwaka 1952. Nishani ya tatu ni Nyota ya Burma, yaani ya vita vilivyopiganwa na watoto wa huyo askari. Vifungo vya shaba vimeshonwa kwa uzi. Na hapo bado hajafungua kioo.

Tuanze na taji, kwa kuwa ndilo jepesi. Taji la wafalme lililotumika hadi 1952 lina matao yanayopanda na kukutana juu kwa mviringo. Taji la Malkia, lililoanza kuingia kwenye sare baada ya hapo, matao yake yanabonyea katikati kabla ya kufika kwenye msalaba. Mtoto wa shule anaweza kufundishwa tofauti hiyo asubuhi na kuifundisha jioni. Siku hizi kuna mtego mpya: Mfalme Charles amerudia taji la umbo lile la zamani tangu 2022, kwa hiyo beji iliyotoka kiwandani juzi inaweza kuwa na taji "sahihi" la 1914. Taji linamkamata mwongo mzembe tu. Mwongo mwenye bidii halimgusi.

Vifungo navyo vina hadithi yake, na hadithi hiyo ni ya dobi. Koti la kaki la nchi za joto lilifuliwa, likatiwa wanga na kupigwa pasi kila mara, na kifungo cha shaba hakivumilii mambo hayo, wala kitambaa hakivumilii kutu ya shaba. Kwa hiyo koti lilitobolewa matundu madogo yaliyodariziwa ukingoni. Kitanzi cha kifungo kikapenya, na kwa ndani kikazuiwa na pete ya waya. Siku ya kufua, pete zinachomolewa, vifungo vyote vinatoka, koti linakwenda kwa dobi likiwa tupu. Koti la kaki lenye vifungo vya shaba vilivyoshonwa moja kwa moja limeshonwa na mtu ambaye hakuwahi kulifua. Geuza upande wa ndani wa koti kabla hujauliza bei.

Wengine huja na taa ya zambarau na kujiona mafundi. Uzi ukiwaka chini ya taa hiyo, wanatangaza kwamba koti ni bandia. Uzi wa poliesta huwaka kweli, na poliesta kwenye koti la 1917 ni aibu. Lakini sabuni za unga za baada ya Vita Kuu ya Pili zina kemikali ya kung'arisha nguo, na koti halali lililofuliwa mara moja na mjukuu mwenye nia njema litawaka lote. Taa inauliza swali tu. Jibu liko kwenye mshono.

Sasa tuje mahali ambapo mgeni wa fani hii hatazami kamwe: ukingo wa nishani.

Nishani ya Vita ya Uingereza ya 1914 hadi 1918 ni ya fedha, kipenyo chake milimita 36. Mbele ina kichwa cha Mfalme George wa Tano; nyuma kuna mpanda farasi aliye uchi, farasi wake akikanyaga ngao yenye tai wa Prussia. Yote hayo anayajua kila mtu, na ndiyo yanayopigwa picha. Lakini nishani hiyo ilitolewa kwa mamilioni, na uso wake ni uleule kwa wote. Kilichomtenga mtu mmoja na mwingine kiliwekwa kwenye ukingo: namba, cheo, jina na kikosi, herufi zikiwa zimegongwa kwa chapa ndani ya chuma. Bila ukingo huo, nishani ni kipande cha fedha chenye picha nzuri.

Ukingo husomwa kwa mwanga wa dirishani, nishani ikigeuzwa polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Herufi iliyogongwa ina sakafu bapa na kimo kimoja, na chuma kilichosukumwa kando yake huacha uvimbe mdogo usioonekana ila kwa lenzi. Herufi iliyochorwa kwa kalamu ya chuma ina mtaro mwembamba chini na kingo zinazometa. Halafu uchafu: miaka mia moja ya jasho, vumbi na moshi hukaa ndani ya herufi na kuwa nyeusi. Rangi ya kizee ikiwa juu ya ukingo mzima lakini ndani ya herufi ni kweupe, jina hilo limekuja juzi.

Zipo nishani zilizopewa jina jipya kwa njia ya kale zaidi. Fundi hupiga tupa ukingo mpaka jina la kwanza lifutike, kisha hugonga jingine. Hapo kipenyo humsaliti. Nishani ya milimita 36 inakuwa pungufu kidogo, na ule ukingo mwembamba ulioinuka kuzunguka uso wa mfalme unakonda upande mmoja. Mzee mmoja wa Mombasa, aliyeshika kazi ya usonara kabla ya kushika ukusanyaji, alikuwa haangalii hata uso wa mfalme. Aliipitisha nishani kwenye ncha ya kidole gumba mzunguko mzima, macho yakiwa kwa muuzaji, na akifika penye bonde alitabasamu na kuirudisha mezani. Hakusema neno. Muuzaji naye hakuuliza.

Kinyume chake alikuwa kijana aliyekuwa akinunua nishani za Ushindi za vita hivyohivyo zilizochakaa, zenye majina ya makarani wa huko Uingereza, na kuwageuza makarani hao kuwa askari wa KAR. Faida yake ni wazi, maana nishani yenye jina la askari wa Afrika Mashariki hupatikana kwa shida na hulipiwa vizuri. Kazi ya kuandika alimpa fundi anayeandika vikombe vya mashindano ya mpira. Herufi zilikuwa nzuri kupita kiasi, zenye mikia. Wanunuzi walizisifia kwa mikia hiyohiyo.

Jambo jingine la ukingo linawatatiza wengi. Askari mmoja alipewa nishani zaidi ya moja, na jina lake likaandikwa na makarani tofauti waliosikia kwa sikio la Kiingereza. Kwenye moja ni Asmani, kwenye nyingine Athumani. Sefu hapa, Seif pale. Mwanagenzi akiona hivyo hukimbia. Mwenyeji hutazama namba. Namba zikilingana na majina yakitofautiana kwa namna ambayo ulimi unaweza kuieleza, moyo wake unatulia. Seti ambayo majina yote yamelingana herufi kwa herufi ndiyo inayomfanya atoe lenzi mara ya pili.

Vita Kuu ya Pili vina kanuni nyingine, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Serikali ya Uingereza iliamua kutoa nyota za vita hivyo bila majina. Afrika Kusini, India na Australia ziliandika majina kwa watu wao. Askari wa KAR waliopigana Ethiopia na kisha Burma walipokea Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma zikiwa tupu. Basi anapokuja mtu na Nyota ya Burma yenye jina la koplo wa KAR nyuma yake, huenda mwenyewe au mwanawe alimlipa fundi aiandike, na hakuna uovu hapo. Lakini jina hilo halithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni makaratasi, hasa cheti cha kuachishwa jeshi, na makaratasi ndiyo familia nyingi ziliyachoma siku ya kuhama nyumba. Nyota yenye cheti chakavu ina thamani kuliko kumi zilizoandikwa majina.

Kwa anayetaka jaribio moja la haraka, aikumbuke Africa General Service Medal. Ilianzishwa 1902, mwaka uleule KAR ilipoundwa kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Uganda na Afrika Mashariki. Juu ya utepe wake hukaa vibao vinavyotaja vita, mathalani Nandi 1905-06, au Kenya kwa mapigano ya Mau Mau yaliyoanza 1952. Yenye kichwa cha Malkia Elizabeth ilitolewa na kibao kimoja tu, cha Kenya. Ukiiona ile ya Malkia imebeba kibao cha Nandi, mpe muuzaji pole na uondoke.

Upande wa Wajerumani uongo ni mtamu zaidi, kwa sababu kila mtu anataka kitu cha askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Afrika Mashariki. Maduka ya mtandaoni yamejaa sare zao za kaki, zimenyooka, rangi moja, tai wa dola anang'aa kwenye tarbushi, na maelezo yanasema "1918". Wenye kuuza hivyo hawajui vita vilikwendaje. Meli za shehena zilizopenya zilikuwa mbili tu. Vitambaa vilifumwa hapahapa na kutiwa rangi ya miti. Tarehe 25 Novemba 1917 walipowashinda Wareno pale Ngomano walijivika na kujizatiti kwa mali ya adui, na mwaka mmoja kamili baadaye, waliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, walikuwa mchanganyiko wa majeshi matatu. Sare safi ya askari wa 1918 inapaswa kushukiwa kwa usafi wake. Ya kweli ina viraka.

Kwa upande wa KAR, kielelezo kiko wazi na ni bure. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam imesimama kwenye kipilefti cha Samora tangu 1927, na wenzake wako Nairobi na Mombasa. Aliyechonga aliangalia miguu ilivyofungwa na mikanda ilivyopita. Ni ajabu wangapi wanapita hapo na makoti bandia mikobani bila kuinua macho.

Ama kuhusu kuonyesha, sheria ni chache na hazina mjadala. Nishani haing'arishwi. Dawa ya kusugulia shaba hula pua ya mfalme kwanza, kisha hula herufi za ukingoni, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Mahameli nyekundu ni ya harusi. Nishani hulazwa juu ya kitambaa cha pamba cha rangi ya mchanga. Mdoli asiwe na uso, kwa kuwa uso wa mdoli wa dukani haujawahi kufanana na wa askari yeyote. Koti halitundikwi kwenye waya wa dobi, hukata mabega. Liwekewe kitu kinene kilichofunikwa pamba. Taa kali haifai, na jua la dirishani ndilo adui kuliko nondo. Pwani, ambako chumvi iko hewani, kabati lisibanwe kabisa hata likakosa pumzi. Na nishani zipangwe kwa mfuatano wake: Nyota ya 1939-45 kwanza, Afrika, kisha Burma, halafu ile ya Ulinzi, na ya Vita mwishoni. Anayezipanga kwa kufuata uzuri wa rangi za tepe akusanye vipepeo.

Zamani kazi hii ilikuwa na adabu. Mtu alikwenda kwa mzee aliyepigana, akakaribishwa chai, akasikiliza Burma nzima kabla nishani haijatolewa sandukuni, na mara nyingi alirudi mikono mitupu lakini ameandika daftari zima. Fundi cherehani wa kikosi alijua koti la kila sajini kwa mabega yake. Kisha ikaja Januari 1980, bei ya fedha ikakaribia dola 50 kwa aunsi, na nishani za fedha za Vita ya Kwanza zikaingia tanuruni Ulaya na kwingineko kwa uzito. Ndiyo maana leo unakuta nishani nyingi za Ushindi, ambazo ni za shaba, zimebaki peke yake. Huku kwetu nazo zipo zilizoishia kwa sonara na kugeuka bangili.

Neno moja kwa wanaoanza: haya yote yanahusu majeshi yaliyokwisha kuvunjwa. Tanganyika Rifles, iliyodumu kuanzia 1961 hadi maasi ya Januari 1964, ni uwanja mzuri kwa mkusanyaji mvumilivu, na kwa kuwa iliishi muda mfupi, beji zake zinaigwa sana. Sare za majeshi ya leo ni jambo jingine. Sheria za Tanzania na Kenya zinamkataza raia kuzivaa bila idhini, na hoja ya ukusanyaji haitamsaidia barabarani.

Na familia yenye nishani ya babu sandukuni isiipeleke kung'arishwa, wala isiwagawie watoto moja moja. Ipigeni picha ukingo mzima, mbele ya dirisha. Andikeni kando jina lake kama nyumbani lilivyotamkwa, kijiji chake na kikosi chake, kisha karatasi hiyo ikae pamoja na nishani.