Kebirigo, soko lililoniteka

Acheni Nairobi kwanza! Acheni yale majumba ya maduka yenye vioo hadi dari. Pandeni matatu Kisii, mshuke Kebirigo. Juzi tu nimelikanyaga soko hili, na moyo bado unanienda mbio.

Nianze na mboga, maana ndizo zilizonimaliza. Chinsaga, ile tunayoiita saga, imefungwa mafungu kwa kamba za mgomba, na majani yake bado yamesimama. Mjini hutufikia imelegea kwa safari. Hapa imetoka shambani asubuhi ile ile. Nilimwamkia muuzaji, "Bwakire, mama," akafurahi, akaniongezea managu bila kuombwa, kisha akanipa somo zima: chemsha polepole, tia maziwa, ilaze hadi kesho ndipo uchungu upoe. "Usiile leo, mwanangu." Nimetii, na jamani, utamu wake!

Pembeni wimbi mwekundu hupimwa kwa gorogoro, wa kusagia unga wa obokima, yaani ugali. Usiondoke bila huo. Ndizi wala siziongelei sana: mikungu imepangwa chini, chagua ya kupika au ya kuivisha.

Halafu nguo! Sikutarajia. Kwenye mitumba nilipata koti la sufu la kamera, yaani la daraja la kwanza, zito, linaloifaa kabisa baridi ya milima hii. Lakini kilichonishangaza zaidi ni mafundi cherehani. Mishono ya vitenge iliyoning'inia mlangoni ingekaa vizuri kwenye duka lolote la kifahari la jijini, ila hapa fundi anakupima mwenyewe na kukuuliza mkono uishie wapi. Fundi mmoja aliniambia nguo nyingi hutakiwa Ijumaa, kabla ya Sabato. Waadventista ni wengi Gusii, kwa hiyo usije Jumamosi ukitegemea kukuta kila mlango wazi.

Na bonasi ya chai ikitoka, fundi huyo anasema, hapati usingizi. Naelewa. Wakulima wanaopeleka majani kwenye kiwanda cha Kebirigo, kilicho chini ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, hulipwa kila mwezi, kisha hesabu za mwaka zikifungwa Juni, bonasi hufuata, kwa kawaida kuelekea Oktoba. Mashamba yale ya kijani unayoyapita njiani ndiyo yanayonunua vitambaa hivi. Ukitaka kuliona soko likiwaka, njoo msimu huo.

Kama mfuko bado una nafasi, rudi Kisii mjini siku ya Jumatatu au Alhamisi, siku za soko la Daraja Mbili. Ni kubwa ajabu, na nalipenda pia. Vinyago vya mawe ya Tabaka vitafute upande huo. Lakini saga, wimbi na gauni la kushonewa? Kebirigo, bila kusita. Beba kikapu kikubwa, na ufike mapema kabla mafungu mazuri hayajaisha.